Maswali ya wasomaji: Maski za oksijeni za marubani wa zamani

Habari za huko jamani. Toleo lililopita niligusia kidogo tu maski walizokuwa wanavaa marubani wa ndege za kivita enzi hizo, mistari kama kumi hivi, nikajua imeishia hapo, kumbe watu mna vitu kwenye masanduku! Meseji zimekuja toka Kongwa, Mpwapwa, Manyoni, Singida, hapa mjini ndo usiseme. Mimi nimefanya ufundi wa vyombo vya ndege miaka mingi, upande wa oksijeni, hii mada naipenda toka moyoni, kwa hiyo leo ukurasa wote ni wake.

Shikamoo mzee. Babu yetu alikuwa dereva wa trekta kwenye mpango wa karanga hapa Kongwa, alishafariki zamani. Juzi tunahamisha sanduku lake tukakuta kitu cha mpira cha kufunika pua na mdomo, kina paipu yenye mikunjo mikunjo kama koromeo la ng'ombe na mbele kuna kidude cha duara. Kuna alama ya taji na A.M. halafu namba inaanzia na 6D. Dalali mmoja anasema ni mali ya Mjerumani ina zebaki ndani, anaitaka akaipime. Jirani anasema ni ya kuzuia gesi ya sumu. Tushike lipi? – Msomaji, Kongwa

Marahaba mwanangu. La kwanza kabisa msimpe dalali. Hiyo sio ya Mjerumani na hamna zebaki humo hata tone. A.M. yenye taji ni mhuri wa Air Ministry, yaani wizara ya anga ya Uingereza, na hiyo 6D ndo inamaliza ubishi wote maana stoo za jeshi la anga la Uingereza walipanga vitu kwa namba, 6D ni vifaa vya oksijeni, 10A ni vya redio, 22C ni nguo na helmeti za kurukia. Angalieni hicho kidude cha duara mbele, hapo ndo inakaa maiki ya rubani, mkikuta namba yake yenyewe inaanzia 10A msishangae, maski ilitoka stoo moja na maiki stoo nyingine wakaunganisha.

Wale Waingereza mwanzoni mwa vita kuu ya pili walikuwa na maski aina ya D, ya kitambaa cha kijani na ndani ina ngozi laini, ndo waliyovaa marubani wao mwaka 1940 kule angani kwao. Baadaye wakahamia mpira, zikaja E, G na H. Yenu ni ya mpira kwa hiyo D toeni, tafuteni herufi kwenye mpira wenyewe karibu na kidevu.

Imefikaje Kongwa sasa? Mpango wa karanga, ule mradi mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga, ulianza 1947 ukafa 1951, na Waingereza waliokuja kuufanya wengi walikuwa wametoka jeshini juzi juzi tu, hata mashine nyingi zilikuwa mabaki ya vita, kulikuwa na trekta zinaitwa Shervick zilizotengenezwa kutokana na kifaru cha Sherman. Sasa mtu katoka vitani anakuja Kongwa na sanduku lake, anaondoka mpango ukishakufa, vitu vingine anaacha. Kama bibi yenu bado yupo mkalisheni chini mumuulize babu alikuwa anafanya kazi na mzungu gani, wazee wanakumbuka haya mambo kuliko tunavyodhani.

Na jirani pia mjibuni vizuri. Maski ya gesi ya sumu ina vioo vya macho, inafunika uso mzima, na ina kopo la chujio. Ya rubani inaishia puani, macho yako nje. Nawaambia hili kwa sababu lina hatari: machujio ya maski za gesi za Uingereza za wakati ule yana asibesto ndani. Mkiikuta moja popote, msiivae, msiitikise, watoto wasiguse, msifungue lile kopo.

Mzee mi nasoma UDOM. Kuna kitu hakiniingii. Kama juu oksijeni ni kidogo si rubani anapewa oksijeni tupu asilimia mia basi yameisha? Kwanini tena iwepo maski ya presha? – Mwanafunzi, Dodoma

Swali zuri mno hili, na hapa ndo penye utamu wote wa hizi maski, nivumilie nilieleze taratibu.

Kosa linaanzia kwenye neno "oksijeni ni kidogo". Asilimia haibadiliki, ni 21 Dar, 21 Dodoma, 21 huko juu zinakopita ndege. Kinachopungua ni presha, ule uzito wa hewa unaoisukuma oksijeni ipenye kwenye mapafu iingie kwenye damu. Tunapima kwa milimita za zebaki (hii ndo zebaki ya kweli kwenye stori ya leo). Pwani ni 760. Hapa Dodoma tuko kama mita 1,100 na kitu juu ya bahari kwa hiyo tunapumulia kwenye 665 hivi, na ndo maana anayetoka Dar akikimbia kilima siku ya kwanza anahema. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, ni chini ya nusu ya pwani. Futi 40,000 inabaki 141. Futi 50,000 inabaki 87.

Sasa hesabu ya mapafu. Ndani ya mapafu sio oksijeni peke yake, kuna mvuke wa maji ambao kwa joto la mwili unachukua 47 siku zote, haujali uko wapi, na kuna hewa chafu unayotoa inachukua kama 40. Chukua futi 50,000: 87 toa 47 inabaki 40. Hiyo 40 hewa chafu inaitaka karibu yote. Oksijeni ikae wapi? Hamna nafasi! Unaweza ukawa na mtungi umejaa, regulata (kile kifaa kinachompimia rubani oksijeni) nzima, unavuta oksijeni tupu isiyo na doa na bado unazimia, sio kwa sababu haipo, ni kwa sababu hakuna kinachoisukuma iingie.

Kwa hiyo ni hivi. Ukivuta oksijeni tupu kwenye futi 34,000 uko kama mtu wa pwani. Ukifika 40,000 uko kama mtu anayepumua hewa ya kawaida kwenye futi 10,000, bado unafanya kazi. Ukipita hapo lazima mtu akusukumie. Na ukiwa hapo 40,000 maski ikachomoka una sekunde 15 mpaka 20 za akili timamu, baada ya hapo mikono ipo lakini haifanyi unachotaka.

Hilo la mikono sio la kubuni. Tarehe 15 Aprili 1875 Wafaransa watatu, Tissandier, Sivel na Crocé-Spinelli, walipanda na puto lao Zénith wakapita mita 8,000. Walikuwa na mifuko ya hewa yenye oksijeni, imening'inia hapo hapo juu ya vichwa vyao. Tissandier alikuja kusimulia kwamba alitaka kuifikia akashindwa kuinua mkono. Alizimia, alipoamka wenzake wawili wameshakufa. Mwanasayansi Paul Bert, aliyekuwa anapima watu kwenye chemba ya presha, alikuwa amewaandikia kwamba oksijeni waliyobeba haitoshi, barua ikachelewa. Mimi kila nikisoma hii stori nasimama pale pale, mfuko uko juu ya kichwa.

Basi Marekani, wakati wa vita kuu ya pili, kulikuwa na mtafiti anaitwa Gagge pale Wright Field, Ohio, akaja na wazo ambalo ukilisikia ni rahisi: regulata isingoje rubani avute, imsukumie. Ikazaliwa maski ya A-13, na mwaka 1944 ndege za kupiga picha za upelelezi zilishaanza kuitumia, maana zile usalama wao ulikuwa kuruka juu kuliko adui. Ila presha ya kusukuma ina mwisho. Ukisukuma zaidi ya milimita 30 hivi bila kitu cha kubana kifua na tumbo, mapafu yanatanuka vibaya na damu inarudi kwa shida kwenye moyo, rubani anazimia kwa sababu nyingine. Ndo zikaja zile suti za kubana mwili, zina mirija pembeni ya mikono na miguu, mrija ukijaa hewa unavuta kitambaa kinakaza kama kamba inavyokaza mzigo wa kuni. Mwaka 1949 rubani wa majaribio wa Marekani, Frank Everest, alipasukiwa kioo cha ndege ya X-1 huko juu na suti hiyo ndo ilimrudisha chini hai. Warusi nao walikuwa na zao kwa marubani wa MiG-21, aina ambayo na sisi jeshi letu limewahi kuirusha. Ukivuka futi 63,000 sasa, hapo maji yanachemka kwa joto la mwili, maski peke yake haina kazi tena.

Mbukwenyi fundi! Nimenunua maski ya rubani kwa jamaa mtandaoni, imeandikwa MS22001. Nikaivaa nikaziba ile paipu kwa kiganja, nikavuta ikabana uso, safi. Nikachukua kompresa ya kujazia tairi ya rafiki yangu nikachomeka kwa presha ndogo tu nione inavyosukuma. Hewa ikaingia ila nikashindwa kabisa kutoa pumzi, nikaivua kwa hofu. Imekufa? – Kijana wa Mpwapwa

Mbukwa. Kijana, nashukuru umeivua. Sasa nisikilize vizuri, usirudie tena hiyo kitu, si wewe si rafiki yako. Kompresa ya tairi "presha ndogo" yake ni mara nyingi zaidi ya presha ambayo pafu la mtu linavumilia. Milimita 30 za zebaki nilizotaja hapo juu ukizipeleka kwenye geji ya fundi tairi mshale hata hautikisiki vizuri, na pafu linaweza kuchanika kabla hujasikia maumivu. La pili, kompresa inatema oili. Oili ikishaingia humo, siku mtu akija kufunga oksijeni ya mtungi wa presha kubwa, oili na oksijeni vikikutana hapo panawaka bila kiberiti. Sisi karakana tulikuwa tunanawa mikono kama madaktari kabla ya kugusa, hata mafuta ya kupaka mwilini yalikuwa hayaruhusiwi.

Sasa maski yako. Hiyo MS22001 ni mtoto wa A-13A, toleo la baadaye la ile A-13 niliyoitaja juu, ndo ya presha yenyewe, na inawezekana ni nzima kabisa, inafanya vile ilivyotengenezwa. Kaa nayo mezani kwenye mwanga uiangalie. Ndani, kulia na kushoto kwa pua kuna valvu mbili ndogo, ni vipande vyembamba vya mpira laini kama majani madogo, ndo maana naviita vijani, hizo ndo mlango wa kuingilia, zinafunguka ukivuta zinajifunga ukitoa. Chini kwenye kidevu kuna valvu ya kutolea. Hiyo ya kidevu ndo yenye akili. Kwenye maski ya kawaida valvu ya kutolea ni mlango tu, presha ya ndani ikizidi ya nje kidogo unafunguka. Lakini kwenye maski ya presha ungekuwa hivyo oksijeni yote ingekuwa inakimbilia nje moja kwa moja, imesukumwa toka kwenye paipu inatokea kidevuni, mapafu hayapati kitu. Kwa hiyo waliweka kijinjia chembamba kinachochukua presha ya paipu na kuipeleka nyuma ya kiwambo cha hiyo valvu, ile ile presha inayokusukumia pumzi ndo inayouegemea mlango usifunguke. Unapotoa pumzi unatakiwa uizidi hiyo presha kidogo tu, ndo mlango unafunguka. Wewe umeweka presha ya kujazia tairi kwenye paipu, mlango umeegemewa na presha ya tairi, nani ataufungua kwa mapafu?

Kuna na ugonjwa wa kweli unaofanana na huo, na huu ulinipata mimi. Nikiwa kijana kwenye karakana moja nilivaa maski kwenye benchi la majaribio, regulata imewekwa 30. Kupumua kwa presha ni kinyume na ulivyozaliwa, kuvuta hakuna kazi, unalegeza tu kifua hewa inajileta, kazi ni kutoa, unakaza tumbo unasukuma, unatulia, unalegeza. Mashavu yanajaa, upepo unapenya kwenye daraja la pua unakupiga machoni machozi yanatoka, na kuongea ni vipande vipande maana neno linatoka pale tu unaposukuma. Nilikuwa naendelea vizuri, ghafla pumzi ikagoma kutoka. Mwenzangu aliyeitayarisha hakuwa ameiosha sawasawa, uzi mmoja wa pamba ulilala chini ya kijani cha valvu ya kuingilia, uzi mmoja tu, mlango haujifungi vizuri, kwa hiyo nikitoa pumzi inarudi kwenye paipu, paipu presha inapanda, presha hiyo inaenda kuegemea valvu ya kidevu. Yaani nikisukuma zaidi ndo najifungia zaidi. Nikavuta ndoano ya helmeti maski ikaanguka. Kifua kiliniuma siku mbili. Tangu hapo sijawahi kufunga maski bila kupitisha jicho kwenye vile vijani kimoja kimoja, na wewe fanya hivyo na yako, vaa bila paipu kufungwa popote, vuta toa, uone vinacheza. Majaribio yaishie hapo.

Baba, mume wangu ana pumu na mwaka huu vumbi la Agosti limemsumbua sana. Kaka yake ana maski ya zamani ya rubani na regulata yake, anasema tukipata mtungi wa oksijeni tunaweza kumfungia nyumbani. Inawezekana? – Mama, Chang'ombe

Mama pole sana, na hapana. Regulata ya ndege ya zamani ilipimwa kwa mtu mzima mwenye afya aliyeko angani, huku chini nyingi zinamchanganyia hewa ya kawaida kwa hiyo hata hujui anapata kiasi gani, na za presha ndo zinaweza kumuumiza kabisa mtu ambaye njia za hewa zimembana. Tena mpira wa miaka hiyo unabanduka unga unga anauvuta. Mwenye pumu kinachomfungua ni dawa, oksijeni anapewa na daktari anayempima damu ina kiasi gani. Mpelekeni hospitali akapangiwe dawa ya kuvuta ya kila siku kabla msimu wa vumbi haujafika, na akibanwa usiku msingoje asubuhi. Shemeji mwambieni maski aiweke kabatini, ni kumbukumbu nzuri.

Kwenye ndege wanasema maski ikishuka begi linaweza lisijae lakini oksijeni inatoka. Kweli au wanatutuliza? – Msomaji, Singida

Kweli kabisa. Oksijeni pale inatiririka muda wote, lile begi linadaka inayotiririka wakati unatoa pumzi ili isipotee, ukivuta unaanza na iliyodakwa. Ukihema haraka begi halipati muda wa kujaa. Wazo la begi ni la zamani, 1938, madaktari watatu wa Mayo Clinic, Boothby, Lovelace na Bulbulian, maski yao ikaitwa BLB kwa herufi za majina yao. Huyo Lovelace bana alikuwa haandiki tu, tarehe 24 Juni 1943 aliruka mwenyewe na parashuti toka futi 40,200 kupima mtungi mdogo wa oksijeni wa kuokolea rubani anayeruka. Parashuti lilipofunguka lilimkata fahamu, glavu ya mkono mmoja ikang'oka, mkono ukaganda kwa baridi. Mtungi ulifanya kazi, alitua hai.

Mzee nina maski mbili na geji moja ya oksijeni ya ndege, nilirithi. Mpira umeanza kuwa mgumu na kupasuka kwenye mikunjo. Nimepaka mafuta ya mgando ukang'aa siku mbili tu. Nifanyeje na hili joto letu? – Manyoni

Acha mafuta ya mgando leo hii. Mafuta ya jamii ya petroli yanaula mpira asilia, unang'aa juu huku ndani unavimba na kulainika mpaka unakuwa kama ubuyu uliolowa. Dawa ya kung'arishia tairi hivyo hivyo. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche kidogo, kitambaa laini, suuza, kausha kivulini, kamwe sio juani juu ya bati. Mpira ulioshakauka haurudi, lengo ni usiendelee. Huku kwetu ukavu sio tatizo kubwa kama jua na joto, kwa hiyo tafuta chumba chenye giza upande ambao jua la jioni halipigi, kwenye boksi sio mfuko wa nailoni. Ndani ya maski jaza karatasi nyeupe isiyo na wino ikae na umbo lake la uso, paipu ilale imenyooka maana ikikunjwa mpasuko unaanzia hapo hapo kwenye kunjo. Usiweke karibu na friji au mota yoyote inayotoa cheche, ile hewa ya ozoni inapasua mpira. Vipande vya shaba kama vinatoka bila kulazimisha vitoe uviweke pembeni, shaba inauharibu mpira inapougusa.

Geji sasa. Kama ni ya miaka ya vita na namba zake zina rangi ya njano iliyofifia kama kahawia, inawezekana ni rangi ya radiamu, ile iliyokuwa inawaka gizani. Kung'aa kumekwisha lakini mionzi ipo, radiamu inachukua miaka 1,600 kupungua nusu. Ikiwa kioo ni kizima iweke mbali na kitanda na mbali na watoto, usiifungue, usiikwangue, usipulize vumbi lake. Kioo kikiwa kimevunjika ifunge kwenye mifuko miwili na utafute watu wa Tume ya Nguvu za Atomiki, ndo kazi yao.

Na nyie wa Kongwa, kabla hamjaifuta ile maski kwa chochote pigeni picha ya mhuri na namba yote inayofuata 6D, ya karibu, mchana, kivulini, mnitumie.